Simu ilizimwa, muuzaji akabaki hewani

Shilingi 420,000 za kununulia simu zilitoka kwenye laini ya mdogo wangu Jumamosi moja jioni, akiwa amesimama kituo cha daladala cha Mwenge, kelele za makonda masikioni na boksi la simu kwapani. Hazikupita sekunde kumi ukaingia ujumbe wa kuthibitisha muamala: kiasi, makato, salio lililobaki, namba iliyopokea na majina matatu ya mwenye namba hiyo. Majina yalikuwa ya mwanamke. Aliyekuwa mbele yake ni mwanaume. Alipouliza, akajibiwa, "Hiyo ya sista, bosi. Laini yangu ina deni la mkopo, ukituma huku wanakata yote." Ni jibu linaloingia akilini, maana wenye madeni ya namna hiyo tunaishi nao.

Simu aliyoijaribu ilikuwa nzima. Alipiga picha, akampigia mama, akanipigia na mimi tukaongea. Kisha muuzaji akaichukua, akafuta kioo kwa kitambaa kama mtu anayeipenda kazi yake, akaiingiza kwenye boksi na kulifunga. Kilichofika Tabata usiku ule sicho kilichompigia mama. Kioo kilikuwa na weupe wa plastiki. Nyuma kulikuwa na kamera tatu, lakini ukiziba mbili kwa kidole picha haibadiliki. Kwenye mipangilio iliandikwa GB 256, na video ya tatu ikagoma kuhifadhika. Akabonyeza *#06#, zikatokea tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, akazituma kwenda 15090, ile namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kuhakiki simu. Jibu likarudi na jina la simu nyingine kabisa, kitochi.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hatulizingatii. Tarakimu nane za mwanzo za IMEI ndizo zinazotaja aina ya simu, na ya 15 hukokotolewa kutokana na zile 14 zilizotangulia, kwa hiyo namba ya kubuni ovyo hunaswa mara moja. Watengenezaji wa feki wanalijua hilo. Wanachukua namba ya simu halali na kuibandika kwenye simu zao, moja baada ya nyingine. Ukituma 15090 ukasoma tu kwamba namba ipo, unaridhika bure. Soma jina la simu lililorudi, lilinganishe na simu iliyo mkononi na kilichoandikwa kwenye boksi. Na ufanye hivyo fedha ikiwa bado kwako, kisha simu isiondoke tena mkononi mwako, hata kwa kisingizio cha kufutwa kioo.

Mdogo wangu hakufanya hivyo, na kwa siku mbili zilizofuata alikumbushwa na kila aliyemsikia. Mjini shule, walimwambia. Umepigwa, kubali yaishe. Mjomba alisema ada ya mjini kila mtu hulipa. Naelewa kwamba maneno haya husemwa kufariji, ila kazi yanayoifanya ni nyingine. Mtu aliyeibiwa kwa kisu hukimbilia polisi usiku huohuo. Aliyeibiwa kwa boksi huona aibu, hulala nalo, na anapoamka fedha imeshatolewa kwa wakala. Tapeli hahitaji mbio, anahitaji saa chache tu za aibu yako.

Tunamwita mtu huyu asiyejulikana, mpita njia. Mimi nasema katika nchi yetu ya leo huyu ni mtu anayejulikana kupita kiasi. Laini ya Mtanzania inayofanya kazi leo imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA. Muda wa mwisho wa kusajili hivyo ulipita tarehe 20 Januari 2020 na laini nyingi zikafungwa. Kampuni ya simu inajua fedha iliingia namba gani, ikatolewa kwa wakala yupi, dakika ipi. Mamlaka ya Mawasiliano ina mfumo unaotambua IMEI ya kila simu inayoshika mtandao. Kumbukumbu tatu, zote hai, zote zinamgusa muuzaji yuleyule. Hakuna hata moja iliyojengwa ili mnunuzi arudishiwe fedha yake.

Ndivyo tulivyoanza tangu mwanzo. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016 simu zenye IMEI zisizo halali zilizimwa nchi nzima, baada ya tangazo la miezi sita lililoanza Desemba 2015. Kenya walitutangulia, wao walizima mwishoni mwa Septemba 2012. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli: simu feki huficha wezi, huharibika mapema, wala hakuna anayejua ndani yake mna madini gani. Sipingi hata moja. Lakini tazama nani alibeba gharama. Aliyeamka na kidude kisichoshika mtandao ni mama lishe aliyekinunua kwa fedha ya mchezo. Fremu iliyomuuzia ilifunguliwa asubuhi ileile kama kawaida. Kila mtu aliambiwa aende kununua simu halali. Sikumbuki mwenye duka kuambiwa arudishe hata senti. Dola ilipoamua kupambana na feki ilimzima aliyeuziwa, na aliyeuza akabaki hewani.

Jirani zetu mvutano uliendelea miaka. Mfumo wa kutambua simu feki uliotakiwa na mdhibiti wa mawasiliano wa Kenya ulizuiwa Mahakama Kuu mwaka 2018, ukaruhusiwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2020, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu nayo haikuuzuia. Kilichobishaniwa ni faragha ya wananchi na kama walishirikishwa. Mambo mazito, sikatai. Ila mtu aliyenunua simu feki pale Nairobi hakutoka na chochote kwenye shauri hilo.

Sheria zenyewe haziko upande wa muuzaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo, na hapo haijalishi muuzaji ana duka au anauza barabarani. Ukisema hii ni simu fulani, iwe hiyo. Isipokuwa hiyo, mnunuzi ana haki ya kuikataa na kudai fedha yake, mradi asikae nayo kana kwamba ameikubali. Kanuni ya Adhabu nayo ina kosa la kujipatia fedha kwa udanganyifu, kifungo chake kinafika miaka saba. Na kwa wafanyabiashara kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 pamoja na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambazo kwazo Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kukamata bidhaa feki na kuziteketeza.

Kile kibao kinachoning'inia katika kila fremu, "Mali ikishauzwa hairudishwi", hakifuti haya. Kinaweza kumzuia mteja aliyefika nyumbani akakuta rangi haimpendezi. Hakiwezi kumkinga mtu aliyekuuzia kopi kwa jina la halisi, kwa sababu udanganyifu haukingwi kwa tangazo la ukutani.

Kwa hiyo haki ipo. Kinachokosekana ni njia ya kuifikia kabla haijapoa.

Jumapili asubuhi tulikuwa kituo cha polisi. Askari wa zamu alitusikiliza kwa upole, nampa haki yake, kisha akauliza risiti. Hatuna, afande. "Sasa mdogo wangu, simu ya laki nne unainunua kituoni?" Halafu akasema sentensi ambayo nimeisikia kwa watu wengi waliopita njia hii: "Hili ni la madai, mwende mahakamani." Mdogo wangu akaanza kukusanya karatasi zake aondoke.

Nilimzuia, maana hapo ndipo wengi wanapopotezea kesi yao. Ukiuziwa simu kwa nia njema ikafa betri baada ya wiki, hayo ni madai. Ukionyeshwa simu moja, ukalipa, ukapewa nyingine kwa hila, hiyo ni jinai tangu dakika ileile, haidhuru fedha ni kiasi gani na haidhuru ulinunulia wapi. Maneno unayoyatumia mbele ya meza ile yana uzito. Usiseme nimenunua simu mbovu. Sema nimeonyeshwa simu hii, nikalipa kwa namba hii, nikabadilishiwa. Tulirudia maelezo kwa mpangilio huo, tukaonyesha ujumbe wa muamala na jibu la 15090, tukapewa RB, ile namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi. RB hailipiwi.

Tukaenda nayo kwenye ofisi ya kampuni iliyotuma fedha. Dada wa dirishani akatazama kioo chake akasema fedha imeshatolewa. Ilikaa kwenye namba ile dakika zisizozidi ishirini. Hata kama ingekuwepo, akaongeza, wao hurudisha muamala uliokwenda namba isiyokusudiwa. Huu uliidhinishwa na mteja mwenyewe kwa namba yake ya siri. Anwani ya mwenye namba hawezi kutoa, hadi polisi waandike barua.

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda, na sehemu yake kubwa naikubali. Taarifa za mtu zinalindwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sitaki anwani yangu igawiwe dirishani kwa kila mwenye hasira. Na kama kampuni zingerudisha fedha kwa kila anayelalamika, muuza viatu wa Instagram angelia kila siku: mteja anapokea kiatu, anavaa, anapiga simu kuomba fedha irudi. Wafanyabiashara wadogo wangekuwa wa kwanza kuumia.

Lakini kati ya kurudisha na kutofanya lolote kuna kuzuia. Mtu aliyeleta RB siku hiyohiyo, pamoja na jibu la Mamlaka linaloonyesha IMEI haiendani na simu aliyouziwa, ana ushahidi kuliko walalamikaji wengi wa makosa mengine. Kiasi kilekile kinachobishaniwa kingeshikiliwa kwenye namba iliyopokea kwa siku tatu, bila kugusa salio jingine, mpaka mpokeaji ajitokeze aseme lake. Muuzaji wa kweli atakuja na boksi na risiti, ataachiwa fedha yake. Tapeli hatakuja. Na mlalamikaji mwongo naye alama yake ya kidole ipo, anapatikana. Kampuni hizihizi zina mashine zinazokata deni la mkopo sekunde ileile fedha inapoingia, bila barua ya mtu yeyote. Siamini kwamba uwezo unaotumika kukata deni lao hauwezi kutumika kushikilia fedha iliyoibwa.

Ugumu wa kweli upo kwenye majina. Laini nyingine zimesajiliwa kwa vidole vya watu wasiojua. Mtu wa kusajili laini barabarani anakuambia kidole hakijasoma, weka tena, na kile cha pili kinazaa laini inayouzwa kwa tapeli. Ndiyo maana kubonyeza *106# na kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako ni jambo la kufanya leo; siku jina lako litakapotokea kwenye ujumbe wa muamala wa mtu aliyelizwa, wewe ndiye utakayeitwa kituoni. Namba ya tapeli nayo itume 15040, kwa sababu laini iliyoripotiwa na watu watano ni nyepesi kufungiwa kuliko ya mlalamikaji mmoja.

Kariakoo mambo huenda tofauti kidogo, na wakati mwingine nafuu. Pale mitaa ya Aggrey na Msimbazi simu nyingi hupita kwa winga, yule kijana anayekudaka barabarani, anakupeleka fremu anayoijua, bei inapanda kwa cha juu chake. Likitokea la kutokea, fremu inasema hatukukuuzia sisi, winga anasema simu haikuwa yangu. Hata hivyo fremu haihami. Nimeshuhudia mama mmoja akirudi siku ya pili asubuhi na boksi lake, hakupiga kelele, akasimama mlangoni akamweleza kila mteja aliyeingia kilichompata, kwa sauti ya kawaida. Saa sita haijafika alikuwa amebadilishiwa. Haki iliyopatikana kwa kusimama mlangoni nusu siku ni haki ghali, lakini inaonyesha tofauti: muuzaji mwenye anwani ana cha kupoteza.

Mahakama je? Kenya wana Mahakama ya Madai Madogo, iliyotungiwa sheria mwaka 2016 na kufunguliwa 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, na sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Uganda wana utaratibu wao wa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za kwao, kwa kanuni za mwaka 2011, na mwananchi hujieleza mwenyewe. Sisi tuna Mahakama ya Mwanzo, ambayo iko karibu na watu na haikulazimishi kuwa na wakili. Madai ya laki nne yanaingia pale bila taabu. Tatizo ni siku. Mdogo wangu ni fundi wa aluminiamu, analipwa kwa siku aliyofika. Shauri likiahirishwa mara sita, ameshalipia simu ya pili kwa mishahara aliyoikosa. Utaratibu wa siku 60 ungewafaa watu wa namna yake kuliko sheria mpya yoyote dhidi ya bidhaa feki, na nashangaa kwa nini hatujauiga.

Wiki ile rafiki yake mmoja alimpa ushauri mwingine: mtafutie na wewe mtu. Yaani aiuze. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeshauri dawa ya mafua. Huyo rafiki alisahau kwamba anayeuza akijua ni feki ametenda kosa lilelile alilotendewa, safari hii jina litakalosomeka kwenye ujumbe wa muamala likiwa la kwake. Kuna la kufanana na hilo kwa simu za wizi. Ukigundua simu ni halisi lakini inadai nenosiri la mtu mwingine, au imefungiwa kwa IMEI, usipeleke kwa fundi aifungue. Ipeleke polisi pamoja na namba ya aliyekuuzia. Simu utaikosa kwa hakika, maana ina mwenyewe, lakini kukaa nayo kunakuondoa kwenye orodha ya waliotapeliwa na kukuingiza kwenye orodha ya waliopokea mali ya wizi.

Barua ya polisi kwenda kampuni ya simu ilichukua siku 19. Majina matatu yalikuwa ya kweli, ya binti anayeuza duka la vipodozi Kigamboni. Alikuja akiwa anatetemeka, na nyuma yake akaja kaka yake, yuleyule wa kitambaa. Hakukana. Akaweka mezani 300,000, akaahidi 120,000 Ijumaa, na Ijumaa akazileta kweli. Mdogo wangu akasaini kwamba hana dai tena. Furaha yake ilikuwa kubwa, nami nilifurahi naye. Ni wachache waliofika pale.

Tulipokuwa tunasimama kuondoka, yule kaka akanyoosha mkono kwenye lile boksi lililokuwa mezani. "Na simu yangu, afande." Askari akamsukumia. Nikauliza kwa nini isibaki kama kielelezo, au ipelekwe FCC, au ivunjwe palepale. Akasema mlalamikaji ameshalipwa, hakuna kesi. Yule kaka alikuwa ameshatoa kitambaa mfukoni, anafuta kioo.